Redio kaseti upande mmoja kimya, mwengine unapiga yowe: usikimbilie kubadilisha aisii

Wiki ilopita kaja ami mmoja kutoka Wete, Pemba, redio kaifunga kanga mbili na kamba ya usumba. Redio kaseti ya Kijapani, spika nne, zile za mwanzo wa miaka ya 80. Ugonjwa wake: ukitia kaseti upande wa kushoto kimya kabisa, wa kulia unapiga yowe, na yowe linapanda kila ukiongeza sauti. Fundi wa kwanza keshabadilisha aisii ya amplifaya, kile kidude cheusi chenye miguu mingi kinachokuza sauti, haikusaidia, akamwambia hii imekufa, tutoe matumbo yote tutie bodi ndogo ya bluetooth.

Nikamwambia ami, hii haijafa, niachie mpaka kesho.

Mimi nafanya kazi hii siku zote hapa mjini na nataka vijana wanaojifunza wanielewe jambo moja, redio nyingi za zamani zinazoletwa kwetu hazikuungua. Zimeshikwa na chumvi. Sisi tumezungukwa na bahari, hewa yenyewe ina maji na chumvi, na kila mahali chuma kinapogusana na chuma ndani ya redio panaota weusi au ukijani, baada ya miaka ndo unaona mambo ya ajabu ajabu na mtu anadhani aisii imekufa.

Nilipoifungua ya ami yakamwagika makonyo ya karafuu juu ya meza, maana kumbe msimu mzima inakaa pembeni ya majamvi ya kuanikia, harufu imejaa chumba kizima. Nikayafagia kwa brashi nikaanza na umeme kama kawaida. Kwanza angalia swichi ya volti kwa nyuma, imekaa kwenye 110 au 220. Na zile zinazokuja na mitumba kutoka Japani kwenyewe, nyingi hazina hiyo swichi, ni za volti 100 tu, ukizichomeka kwenye 230 yetu transfoma inakwenda pale pale, na FM yake inaishia megahezi 90 wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hivyo uliza redio imetoka wapi kabla hujagusa waya. Redio usoijua usiichomeke moja kwa moja, pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya waya ya wati 60, iunge kwa mfuatano. Balbu ikiwaka kwa nguvu na ikabaki hivyo, ndani kuna shoti, chomoa. Ikimeta kidogo ikafifia, endelea. Ya ami ilififia. Redio upande wa FM inaimba spika zote. Basi hapo ushajua amplifaya nzima na spika nzima, ugonjwa uko upande wa kaseti, na ile aisii ilobadilishwa haikuwa na kosa lolote.

Sasa njoo kwenye kitu chenyewe. Ndani ya redio kaseti kuna swichi moja ndefu, kama kidole, imelala kwenye bodi, inasukumwa na kitufe cha kurekodi. Wengi wanaipita bila kuiangalia. Kazi yake ni kugeuza njia: ukipiga kaseti, hedi, kile kichwa kinachogusa utepe, inapeleka sauti kwenye kikuza sauti cha kwanza, ukirekodi kikuza sauti kile kile kinageuzwa, kinapokea maiki au redio na kupeleka kwenye hedi. Yaani ndani ya swichi ile sauti inayoingia na inayotoka zinapita jirani jirani, vidole kibao vimepangwa safu mbili. Vidole vingi vimepakwa madini ya fedha, na fedha ikipata hewa chafu inageuka nyeusi. Kidole kimoja kisiposhika, upande mmoja unakufa. Kingine kikishika nusu nusu, sauti ya kutokea inarudi ilikoingilia, inazunguka, ndo yowe lenyewe.

Dawa yake ni kopo la kusafishia swichi za umeme, lile linalokauka lenyewe. Mafuta ya taa usitie, na mafuta ya kulegezea nati usitie, yanaganda na kushika vumbi. Chomoa umeme, toa mawe ya betri, pulizia ncha zote mbili, kisha isukume kwa mkono kwenda na kurudi mara 30 hivi mpaka uisikie imelainika. Ya ami mwanzo ilikuwa inakwama katikati, mchirizi mweusi ukatoka kama wino wa pweza. Nikapulizia tena. Iache ikauke, na hapo usijaribu na kaseti ya mteja! Swichi ikiwa bado imekwama upande wa kurekodi inaweza kufuta harusi ya watu. Tia kaseti isokuwa na kitu cha maana.

Yowe likaondoka, kushoto kukarudi. Hakuna hata tone la risasi nilochomea.

Ikabaki belti, imelegea, utepe unaburuta. Hizi zikizeeka sana zinayeyuka kuwa lami, ukiikuta hivyo vaa glavu, futa kwa spiriti na pamba za masikio mpaka magurudumu yawe safi, belti mpya juu ya lami itateleza tu. Hedi na kile kiroli cha mpira nikavifuta pia.

Kwenye mgongo wa mota mara nyingi kuna kitundu kidogo, ndani mna skrubu ya mwendo, utepe unatakiwa upite sentimita 4.76 kwa sekunde. Kaseti ya kupimia sina, huwa napima kwa saa, upande mmoja wa C60, kaseti ya dakika 60, ni dakika 30 na ushei. Lakini safari hii ami mwenyewe kaja kesho yake, kaitoa mfukoni kaseti yake ya taarab, nikamvunjia kwanza vile vijipembe vya nyuma isije ikafutika, nikaitia. Kakaa kwenye kigoda kafumba macho.

"Inakimbia, mwanangu. Fidla haiko hivyo."

Nikazungusha skrubu kama unywele.

"Bado kidogo."

Nikazungusha tena. Hakusema kitu, akaanza kuitikia. Nikaitazama saa mpaka upande ulipoisha: dakika 30 na sekunde chache.