Je, wajua kwa nini pawa saplai mbili za "wati 500" hazilingani?

Juzi mpwa wangu aliniletea pawa saplai mbili kutoka duka moja la Barabara ya Digo, hapa Mombasa, nimchagulie moja ya kompyuta anayoiunda. Zote zimeandikwa 500W kwa herufi za kujigamba, lakini bei ya moja ni nusu ya mwenzake. "Mjomba, si zote sawa tu?" Nikamwambia azipime mikononi. Ile rahisi ilikuwa nyepesi kama boksi la halua iliyokwisha kuliwa.

Uzito pekee hautoshi kuhukumu. Jibu limo kwenye ile karatasi ya ubavuni. Kazi ya pawa saplai ni kuchukua umeme wa ukutani, ambao hapa Kenya ni volti 240, na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Walaji wakubwa wa siku hizi, prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki (inayochora picha za skrini), hula karibu wote kwenye volti 12. Basi tafuta ampia (kipimo cha mkondo wa umeme) zilizoandikwa chini ya +12V, uzidishe kwa 12 upate wati. Ile rahisi ilikuwa na ampia 25, yaani wati 300. Wati nyingine 200 zimewekwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo inaonja kidogo tu. Mwenzake alikuwa na ampia 40, wati 480.

Mpwa wangu anataka kadi ya grafiki ya Nvidia, RTX 3060, inayokula wati 170, na prosesa ya wati 65. Hizo ni 235 kabla hujahesabu feni na diski, na ulaji wa kadi hizi una tabia ya kuruka juu ghafla zikilemewa. Nvidia wenyewe wanashauri wati 550. Kwa hiyo nikamrudisha na zote mbili.

Halafu kuna joto letu. Nembo ya 80 Plus maana yake ni kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa unafika kwenye vifaa. Ukitumia wati 240 kwa kiwango hicho, ukutani unavuta 300, na zile 60 zinageuka joto ndani ya boksi. Kapasita, vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi chaji, hupoteza takribani nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na wakati wa kaskazi chumba chenyewe ni tanuri. Ongeza vumbi lenye chumvi ya bahari, ile ile inayokula madirisha yetu ya chuma.

Kama ni ya mtumba, angalia nyuma kama ina swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlio mmoja tu.

Jioni alirudi na ya wati 650, ampia 54. Pesa za keisi, boksi la kompyuta, zikawa zimekwisha. Kwa sasa bodi kuu imelala juu ya katoni yake, na feni ya meza inaipepea.