Andiko nalisoma kuanzia nyuma

Ijumaa moja saa nne asubuhi aliingia ofisini mhadhiri wetu wa kilimo, mkononi ana andiko la kuomba ruzuku ya utafiti, karatasi 22 zilizobanwa kwa klipu, bado zina joto la printa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Dokta, karibu."

Hakukaa. "Naomba sahihi yako tu. Mwisho wa kupokea maandiko ni Jumatatu."

Sahihi tu. Katika kazi hii hakuna maneno yanayonitoa jasho kama hayo. Nikamwomba avute kiti, nikaligeuza lile bunda na kuanza na karatasi za mwisho, penye bajeti.

Ninaratibu ruzuku za utafiti katika chuo kidogo cha umma, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Vyuo vikubwa vina kurugenzi nzima: huyu wa mikataba, yule wa bajeti, mwingine wa maadili ya utafiti. Kwetu wote hao ni mimi, na Jumanne hata mimi sipatikani kwa sababu nina vipindi darasani. Kwa hiyo nimejizoeza kusoma andiko kwa njia ya mkato, nayo ni bajeti. Utangulizi mtu anaweza kuupamba apendavyo. Bajeti ikiongopa huumbuliwa na hesabu, na hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kuzidisha.

Ya Dokta ilisema: kaya 400, wasaidizi wa utafiti 2, siku 5 uwandani. Dodoso lenyewe kurasa tisa. Ukiweka salamu, maelezo ya ridhaa, na yule mzee ambaye hajibu swali la kwanza mpaka umsikilize habari za mwanawe aliyeko Dar, hutoki kwenye kaya moja chini ya dakika 45. Bado mwendo wa kupanda na kushuka vilima. Msaidizi mchapakazi atamaliza kaya sita kwa siku. Wawili, kwa siku tano, ni kaya 60. Zile 340 zilizobaki nani atakwenda?

"Tutajibana," akasema.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Kujibana maana yake naijua: ni wasaidizi kujaza madodoso wakiwa wamekaa gesti. Kwa kaya 400 zinahitajika takriban siku 67 za kazi ya mtu mmoja, yaani wasaidizi wanne kwa siku 17, kila mmoja na posho yake na nauli yake. Dokta si mzembe, na hesabu anazijua kuliko mimi. Alichofanya ni kile wanachofanya wengi: alianza na kiwango cha juu anachotoa mfadhili, akashuka nacho akikata siku mpaka jumla ikakaa. Mimi huwaomba waanze kwa kuorodhesha kazi, waipe kila kazi bei yake, halafu jumla ikizidi wapunguze kazi. Kaya 150 zilizohojiwa kweli zinaandikika makala. Kaya 400 za gesti zitakufedhehesha siku mtu atakapoomba kuziona data.

Bajeti pia ina kalenda ndani yake, ingawa haionekani. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mfadhili anaandika kwamba mradi unaanza Januari. Mkataba unasainiwa Januari kweli, fedha zinaingia Machi, na wewe ulitaka kupima udongo kabla ya kupanda. Machi mahindi yamekupita kimo. Mwaka wa fedha wa serikali nao unaanza Julai 1 na kuishia Juni 30, na chuo cha umma hununua kwa mpango wa manunuzi wa mwaka mzima. Kifaa ambacho hakimo kwenye mpango hakinunuliki mpaka mpango urekebishwe, na tangu 2023 manunuzi yetu yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, ambako kila hatua ina siku zake. Ndiyo maana nina kalenda ya ukutani yenye rangi tatu: nyekundu ya serikali, bluu ya mfadhili, kijani ya mvua. Wageni wanaicheka. Lakini mara tatu imeniwezesha kumwandikia mfadhili mapema na kuomba mradi uanze Agosti, na mara zote tatu alikubali. Wafadhili hukubali mengi ukiwaambia kabla. Ukiwaambia baada, yanakuwa maelezo.

Vibali navyo havionekani kwenye maandiko mengi ninayoletewa. Utafiti unaogusa afya ya watu unataka idhini ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ukiwa na mwenzako kutoka nje ya nchi, yeye anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya 1986. Kisha barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, iteremke wilayani, halmashauri, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Yote hayo yana ada, nauli na siku za kusubiri kwenye benchi. Mimi huandika wiki nane, nikimaliza kwa tano nashukuru.

Sasa niseme la gharama za uendeshaji, maana ndilo linalonigombanisha na wenzangu. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kwa mfano, huipa taasisi iliyo nje ya Marekani asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja, tena vifaa vikubwa havihesabiwi. Kwenye dola 50,000 zisizo na vifaa hiyo ni dola 4,000: umeme wa maabara, mlinzi, intaneti, mhasibu anayeandaa taarifa. Wahadhiri wanasema chuo kinakula hela ya utafiti, na wengine huacha mstari huo wazi ili andiko lionekane nafuu. Halionekani nafuu. Linaonekana limeandikwa na mtu asiyejua friji yake ya sampuli inalipiwa na nani. Hata hivyo malalamiko yao yana haki upande mmoja: kwa miaka hatukuwahi kuwaonyesha hiyo fedha inakwenda wapi. Sasa kila muhula nabandika ukurasa mmoja kwenye ubao wa matangazo, kilichoingia na kilichonunuliwa. Kelele hazijaisha ila zimepungua, na safari hii wanalalamikia vitu vyenye majina.

Lakini penye maumivu ya kweli ni masurufu. Mhadhiri anachukua fedha za safari, anarudi, ana siku 14 kwa utaratibu wetu kuyarejesha kwa nyaraka. Mhasibu anataka risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi. Bodaboda aliyekupeleka kilomita 18 juu ya mlima hana mashine ya EFD. Mama aliyewapikia wali na maharage hana. Mwenyekiti wa kitongoji aliyewatembeza siku nzima hana. Nimewaona watu wazima, wenye shahada za uzamivu, wakizunguka stendi kutafuta duka la kuwatolea risiti ya kitu ambacho hawakununua, kwa sababu kile walichonunua kwa uaminifu hakina karatasi. Mfumo ukifika hapo, unamfundisha mtu mkweli kughushi.

Tulichofanya ni kidogo tu. Tulikaa na mhasibu na mkaguzi wa ndani, kabla ya safari na si baada, tukatengeneza fomu ya malipo madogo ya uwandani: jina la aliyelipwa, kazi, kiasi, namba ya simu, sahihi au dole gumba, na chini mhuri wa mtendaji wa kijiji. Kiwango cha juu kwa kila malipo kimeandikwa juu ya fomu. Dokezo la kuiidhinisha lilisainiwa na mkuu wa chuo, na nakala huambatishwa kwenye kila vocha. Mfadhili naye tulimtumia mfano wake, akakubali kwa barua pepe ambayo nimeichapa na kuiweka kwenye faili, maana mkaguzi hakagui barua pepe zangu. Fomu hizo hurudi na vumbi, na madoa ya chai, na madole ya zambarau yaliyopitiliza mstari. Ndizo nyaraka ninazoziamini kuliko zote kwenye kabati.

Shilingi nayo usiisahau. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,700 kwa dola, kisha mwishoni mwa mwaka huohuo ikapata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 2,400 ndani ya miezi michache. Aliyepanga posho kwa 2,700 alijikuta kila dola imepungua shilingi 300, na wasaidizi hawalipwi kwa dola. Siku hizi nakadiria kwa bei ya chini kuliko ya siku hiyo. Ikibaki chenji, kuna jinsi ya kuiombea matumizi.

Halafu ikaja Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, na Mei 1 NIH ikatangaza kwamba haitatoa tena ruzuku ndogo za nje kwa utaratibu wa zamani, ule wa chuo cha Marekani kupokea fedha na kumgawia mshirika. Sisi hatukuwa na fedha hizo wakati ule, lakini usiku ule nilitoa mikataba yote kabatini nikasoma kifungu kimoja tu: cha kusitisha. Minne kati ya saba haikusema nani atawalipa wasaidizi kwa kazi waliyokwisha kuifanya. Tangu hapo sipeleki mkataba kwa mkuu wa chuo bila sentensi hiyo, na nimeacha kuwashauri wahadhiri wachanga wategemee mfadhili mmoja.

Kuna jambo ambalo hakuna ruzuku iliyowahi kutupatia vya kutosha: saa. Mhadhiri mwenye kozi nne na karatasi 300 za mtihani wa kusahihisha hawezi kuandika andiko zuri, hata umpeleke semina ngapi. Nilichofanikiwa kupata kwa mkuu wa idara ni Jumatano mchana bila vipindi. Tunakutana watano au sita, kila mtu analeta kurasa mbili, na lazima zisomwe na mtu wa idara nyingine. Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyemwambia Dokta, mwezi uliotangulia, kwamba hajaelewa hao wakulima wataulizwa nini. Dokta hakuafiki.

Ile Ijumaa aliondoka na bunda lake bila sahihi, na uso umemshuka. Jumapili saa tatu usiku, umeme umekatika, simu yangu ikaita mlio wa ujumbe.

"Mama, nimeweka wasaidizi wanne, siku saba. Kaya zinakuja 168. Nipunguze ziwe 160?"

Nikamjibu apunguze, aje kesho saa moja na nusu kabla sijaingia kikaoni, na aje na ile barua ya kijiji.