Mamba kwenye ukuta wa maabara

Kumbukumbu nyingi za wanasayansi hufanana: sura ya shaba, jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Sifa za mtu zinasomeka, ila tabia yake huioni. Ndiyo maana sisi tunaofundisha historia ya sayansi huuliza kwanza: aliyeiagiza kumbukumbu hii alimfahamu vipi marehemu au mheshimiwa huyu?

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Cambridge, Uingereza. Pyotr Kapitza, mwanafizikia kutoka Urusi, alifika huko mwaka 1921 akapokelewa katika maabara ya Cavendish na Ernest Rutherford, yule aliyegundua kiini cha atomu. Kapitza alimpenda mkuu wake huyu na kumwogopa papo hapo, akampachika jina la utani: Mamba. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mamba ana shingo ngumu, hawezi kugeuka nyuma. Huenda mbele tu, kinywa wazi, kama sayansi yenyewe, na kama Rutherford.

Mwaka 1933 ilifunguliwa maabara ya Mond, iliyojengwa kwa ajili ya utafiti wa Kapitza. Yeye akamwagiza mchongaji Eric Gill achonge mamba kando ya mlango. Gill alichonga kwenye matofali ya ukuta wenyewe: mnyama amesimama wima, mkia chini, magamba yakionekana kwa mistari michache. Waliofanya kazi na Rutherford hawakuhitaji kuambiwa ni nani.

Ndani ya jengo Gill alichonga pia sura ya Rutherford, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Wapo waliosema pua si yake, wakataka kazi hiyo iondolewe. Kapitza aliomba maoni ya Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark na rafiki mwingine wa Rutherford. Bohr akaitetea, ikabaki.

Mwaka 1934 Kapitza alikwenda kwao kutembea, na serikali ya Kisovieti ikamzuia kurudi. Rutherford hakumtupa. Alisaidia kufanikisha mauzo ya mitambo ya maabara kwa serikali hiyo, kwa pauni 30,000, ili Kapitza aendelee na kazi huko Moscow. Hawakuonana tena, Rutherford alifariki mwaka 1937. Kapitza aliendelea na utafiti wa baridi kali na heliamu ya majimaji, yaani gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.