Ugalla: mnayoyasikia na yaliyopo kweli

Mgeni akifika Tabora akauliza aende wapi kuona wanyama, utasikia anaelekezwa Serengeti, au Katavi, wakati Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ipo mkoani hapa hapa, upande wa Urambo na Kaliua huko. Na wanaoifahamu nao wanasimulia vitu ambavyo sijui vimetoka wapi.

"Si pori la kuwinda lile?"
Zamani ndiyo, lilikuwa pori la akiba, ila tangu 2019 ni hifadhi ya taifa chini ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Mapori ya akiba yapo chini ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori) na huko uwindaji wa kitalii kwa leseni unaruhusiwa, kwenye hifadhi ya taifa hakuna kuwinda kabisa. Na warina asali waliokuwa wanaingia kwa kibali cha msimu enzi zile, sasa hivi hawawezi kwenda kutundika mizinga humo, kwahiyo ukiambiwa na mtu "nina mjomba mrina asali atakupitisha njia za ndani" kataa, utakamatwa wewe na mjomba.

"Kiangazi msitu umekufa, subiri mvua"
Hii ndo inanikera zaidi maana inawapeleka watu kipindi kibaya. Miti ya miyombo, ndo msitu wenyewe wa huku, inapukutisha majani kiangazi ili isipoteze maji, haijafa, na mwezi wa tisa au wa kumi hivi, mvua bado kabisa, inaanza kutoa majani mapya, mengine mekundu kama shaba, watu wa mjini wanadhani ni maua. Kipindi hicho mto Ugalla nao unapungua mpaka unabaki madimbwi madimbwi, viboko wanabanana humo na mamba pembeni, na wanyama wengine hawana pa kunywa zaidi ya hapo, kwahiyo ukikaa karibu na maji (ndani ya gari jamani!) unawaona. Masika nyasi zinamzidi mtu urefu na udongo mweusi wa mbugani unameza tairi, utakaa hapo unasubiri trekta.

Na ukikuta ardhi nyeusi imeungua mwanzoni mwa kiangazi usikimbilie kusema majangili. Wahifadhi wenyewe huwa wanachoma mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, moto unapita chinichini bila kuunguza miti, kwasababu nyasi zikiachwa mpaka zikauke kabisa moto wa mwezi wa tisa ni balaa.

"Hakuna wanyama"
Wapo, ila usiende na macho ya Serengeti. Udongo wa miyombo hauna rutuba sana, nyasi zake zikishakomaa hazina lishe, kwahiyo huwezi kukuta makundi ya maelfu, wanyama wametawanyika. Lakini palahala na korongo ndo kwao huku, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kurudi nyuma, na huko Serengeti mtu anaweza kuzunguka siku nzima asiwaone.

"Ukiumwa na ndorobo umepata malale"
Hapana. Ndorobo (mbung'o) wengi hawana vimelea vya malale, yaani ugonjwa wa usingizi, ila wapo wenye navyo na chanjo hakuna, kwahiyo usipuuze pia. Wanauma mchana, chandarua cha usiku hakikusaidii kitu kwa hao, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, sasa wewe unavaa jinzi ya bluu na tisheti nyeusi si umejigeuza mtego? Vaa kaki au rangi iliyopauka, mikono mirefu, kitambaa kizito maana chepesi wanatoboa. Funga vioo hata gari likiwa kwenye mwendo, wanafukuzia kitu kinachotembea. Ukirudi nyumbani, siku au wiki kadhaa baadae ukashikwa na homa, kipimo cha malaria kikasema huna, mwambie daktari kabisa kwamba ulikuwa porini kwenye ndorobo, kipimo cha haraka cha malaria hakioni malale.

"Ni ya wazungu, hela ndefu"
Kiingilio cha sisi wa Afrika Mashariki ni cha shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na wanacholipa wageni, beba kitambulisho tu. Kinachokula hela ni gari na mafuta, kwahiyo jikusanyeni mchange. Na malipo ni kwa kontroo namba (namba ya kulipia serikalini), usimpe mtu keshi getini.