Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa kidato cha sita anabadilika akipata mtu mmoja wa kumshika mkono?

Kuna shule ya bweni huku Masasi naendaga Jumamosi kwenye programu ya ulezi, mtu mzima mmoja anapangiwa mwanafunzi mmoja akiwa kidato cha tano anaenda naye mpaka amalize cha sita. Watu wananiuliza sana, hivi nyie mnawapa nini hao watoto? Maana hela hatutoi, tuisheni hatufundishi, na bado mtoto aliyeingia kajikunyata anatoka mwingine kabisa.

Binti niliyepangiwa mimi anatokea Newala, kwao wanalima korosho, na ni wa kwanza kwenye familia kufika advansi. Kombi yake HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Alikuwa haongei, yaani jibu analo lakini mkono hanyooshi, na akipata alama mbaya anasema "mimi ndivyo nilivyo dada" basi yameisha. Miezi miwili ya kwanza nilimshauri weee, jiamini, unaweza, usiogope, akawa ananiitikia tu kwa adabu na hakuna kilichobadilika.

Siku moja nikamwambia, mdogo wangu, wiki hii uliza swali moja tu kwenye Historia, moja, halafu Jumamosi unisimulie. Akauliza. Wiki iliyofuata mawili, baadaye akashika kuongoza diskasheni ya watu wanne, na moko, ule mtihani wa majaribio, ilipofika alikuwa anabishana na wenzake mpaka wanacheka.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliliandika hili mwaka 1977. Alisema imani ya mtu kwamba jambo fulani naliweza inatoka sehemu nne: kulifanya mwenyewe ukafaulu, kumuona mtu wa aina yako amelifanya, kutiwa moyo na unayemuamini, na namna unavyousikia mwili wako, moyo unadunda, tumbo linakata, unajiambia nini. Yenye nguvu kuliko zote ni ile ya kwanza. Kutiwa moyo kunasaidia ila peke yake hakufiki mbali, ndo maana ushauri wangu wa miezi miwili ulipita hewani na swali moja la Historia likafanya kazi.

Ile ya pili nayo nimeiona kwa macho. Mimi ni wa Tandahimba, nimesomeshwa na korosho hizohizo, na mwaka bei ilipoanguka nilikaa nyumbani wiki tatu nasubiri ada. Nilipomsimulia hilo aliinua uso akaniangalia muda mrefu. Mtu kutoka mbali mwenye mafanikio makubwa angempendeza, lakini asingeona njia ya kutoka kwao kufika pale alipo yule.

Sasa kuna jambo watu wanalichukulia poa sana, muda. Marekani wana programu ya namna hii, Big Brothers Big Sisters, mizizi yake ni mwaka 1904 New York, karani wa mahakama ya watoto, Ernest Coulter, alichoka kuona vijana wanapita tu mbele yake akaanza kutafuta watu wazima wa kuwasimamia mmoja mmoja. Mwaka 1995 ukatoka utafiti wa vijana wake karibu 1,000 wa miaka 10 mpaka 16, wengine walipewa walezi wengine wakabaki wanasubiri, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi waliopewa walikuwa wanatoroka shule karibu nusu ya wenzao na uwezekano wa kuanza madawa ya kulevya ulikuwa chini kwa asilimia 46. Data hizo zilipochambuliwa tena mwaka 2002 ikaonekana faida kubwa iko kwa waliokaa na mlezi mwaka au zaidi, na wale ambao uhusiano ulikatika kabla ya miezi mitatu, kujithamini kwao kulishuka. Kwa hiyo kama unajua huna Jumamosi za kutosha naomba usianze kabisa, mtoto atajua ameachwa na atatafuta kosa kwake mwenyewe.

Na wala si jambo geni kwetu. Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, mwari haingii unyagoni peke yake, ana somo wake, ana nyakanga, watu wa kumvusha. Shule ilikuja na mitihani yake, wa kumvusha mtoto huko hatukumuweka.

Ile ya nne, ya mwili, nilikuja kuielewa kwenye cheti cha kuzaliwa. Alikuwa halali, anasema kichwa kinauma, nikajua ni mtihani wa Mei, kumbe amesikia mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi, na yeye alizaliwa nyumbani, hana, na kwao hakuna aliyewahi kujaza fomu hizo wa kumuuliza. Tukaanza Januari, mama yake akashuka wilayani mara mbili, mwezi wa tatu kikatoka. Akaniletea kopi ameikunja ndani ya daftari, akasema dada usingizi umerudi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani tulikaa chini ya mwembe karibu masaa mawili. Aliongea yeye, mimi nikasikiliza.