"Avo", "brekkie", "cuppa": vyakula vilivyokatwa majina

Ukiingia mgahawani Melbourne asubuhi ukakuta ubaoni "smashed avo", usibabaike. Ni parachichi lililopondwa likapakwa juu ya mkate. "Avo" ni "avocado" iliyokatwa mkia, na hapo umeagiza "brekkie", yaani kifungua kinywa.

Haya ni maneno ya mkato. Msemaji huchukua jina refu la kitu anachokula kila siku, akabakiza kipande kinachotosha kueleweka. "Mayonnaise" imekuwa "mayo". Mboga, yaani "vegetables", Mwingereza huziita "veg", Mmarekani "veggies". Tambi za nyama ya kusaga, "spaghetti bolognese", Uingereza ni "spag bol" tu. Linalonichekesha zaidi ni "cuppa". Asili yake ni "cup of", yaani "kikombe cha", basi. Chai yenyewe haijatajwa, lakini hakuna Mwingereza atakayekuuliza kikombe cha nini.

Waaustralia ndio mabingwa. Wao wakishakata, hubandika kiishio cha "-ie" au "-o", kama mtu anayembembeleza mtoto kwa jina la utani: biskuti ni "bikkie", na shughuli ya kuchoma nyama nje ya nyumba ni "barbie". McDonald's huko huitwa "Macca's", na mwaka 2013 kampuni yenyewe ilikubali yaishe, ikaliandika jina hilo kwenye mabango ya baadhi ya matawi yake. Kiishio chaweza hata kukudokezea mtu anatoka wapi: sandwichi kwa Mwingereza ni "sarnie", kwa Mwaustralia ni "sanger".

Kuna neno lililokatwa mahali pasipostahili. "Hamburger" limetokana na Hamburg, mji wa Ujerumani, wala halihusiani na "ham", nyama ya nguruwe. Neno lenyewe limeungwa kwa "Hamburg" na kiishio cha "-er". Lakini masikio yalisikia "ham" na "burger", kisu kikapita hapo, na kipande kilichobaki kikazaa "cheeseburger" na ndugu zake wengi. Sisi nasi tukakipokea kipande hichohicho: baga.

Tabia hii si ya Waingereza peke yao. Nairobi chapati ni "chapo", na ukiviringishia ndani yake soseji ya smokie, majina mawili yanaunganishwa: "smocha".

Ila si kila neno fupi limekatwa. "Spud", kiazi, halikupunguzwa popote. Awali lilikuwa jina la kifaa cha kuchimbia.

Na maneno haya ni ya mezani na ya ujumbe wa simu. Kwenye barua ya kuomba kazi hotelini, andika "breakfast" nzima. Halafu angalia "veggie", maana lina sura mbili. Mgeni wako akikwambia yeye ni "veggie", hajajiita mchicha. Anakuomba usimwekee nyama.