Ruta haianzi kwa kutafuta njia fupi

Wengi ninaowafungia mitandao hapa Mtwara huamini ruta, kifaa kinachoelekeza data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, hutafuta njia fupi. Ufupi ni swali la tatu, na mara nyingi halifikiwi.

La kwanza ni anwani. Pakiti, yaani kipande cha data, ikiingia, ruta husoma inakokwenda, kisha hupekua jedwali lake la njia kutafuta mstari unaolingana na anwani hiyo kwa biti nyingi zaidi. Chukua ofisi ya hapa mjini yenye tawi Masasi. Jedwali lina 10.20.0.0/16 kupitia faiba, na 10.20.5.0/24 kupitia mnara wa redio; namba baada ya mkwaju ni idadi ya biti za mwanzo za anwani zinazolinganishwa. Pakiti ya kwenda 10.20.5.9 inaingia kwenye mistari yote miwili, ila biti 24 zinashinda 16, basi itapita redioni hata kama faiba ina kasi mara kumi. Nyie mnaolalamika kwamba faiba ipo na mtandao bado mzito, anzieni hapo kabla ya kumgombeza mtoa huduma.

La pili: njia ya kwenda mtandao uleule ikiletwa na vyanzo viwili, kiaminiwe kipi? Kwenye ruta za kampuni ya Cisco, kila chanzo kina namba ya kuaminiwa: njia iliyoandikwa kwa mkono ina 1, OSPF 110, RIP 120 (hizi mbili ni itifaki ambazo ruta hutumia kupashana njia zenyewe), na ndogo ndiyo hushinda. Njia ya mkono aliyoiacha fundi aliyekwisha kuhama inaweza kuifunika kazi yote ya OSPF.

La tatu sasa ndiyo gharama, yaani ule ufupi. RIP huhesabu ruta za kupita tu, mwisho 15, kama dereva wa Masasi anayehesabu vituo bila kuuliza wapi lami, wapi vumbi. OSPF hutumia hesabu ya kutafuta njia yenye jumla ndogo ya gharama, aliyoichapisha mtaalamu wa kompyuta Dijkstra mwaka 1959, na Cisco huipa kila njia gharama kwa kugawa Mbps 100 kwa kasi yake. Hapo pana mtego: njia ya Mbps 100 hupata 1, ya Gbps 1 nayo hupata 1, kwa sababu gharama haishuki chini ya hapo. Mwisho wa yote zinagawiwa mzigo sawa! Pandisha kiwango hicho cha kugawia, yaani ile Mbps 100, tena kwenye ruta zote.

Kati ya kampuni na kampuni za mtandao itifaki ni BGP, na huko mkataba una sauti kuliko umbali. Kila kampuni hupanga upendeleo wake kwanza, ndipo ihesabu mitandao ya kupita. Kwa hiyo ujumbe wa Mtwara kwenda Lindi, kama mna watoa huduma tofauti, unaweza kupanda mpaka Dar es Salaam wanakokutana, kisha ukateremka tena. Hakuna kilichoharibika hapo. Hawajaunganisha mitandao yao huku Kusini, basi.